Kitongoji Kilichosema Maji Ni Mazuri

Kitongoji kizima kilijibu kwamba maji yake ni mazuri. Kila simu iliyopokea dodoso letu ilirudisha jibu lile lile: hali ya maji nzuri, au nzuri sana. Na katika kitongoji hicho sikumkuta mtu hata mmoja aliyekuwa akiyanywa.

Nitakiita Mkwajuni, ingawa si jina lake. Kipo njia ya kwenda Saadani, karibu na mashamba ya chumvi, na nilikigundua nikiwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Kwa mtu aliyetumia maisha yake yote kuuliza watu maswali, hiyo ni zawadi mbaya ya kuagwa nayo. Nilitarajia kanga na saa ya ukutani.

Aliyenitaka niandike haya ni Neema, binti anayetengeneza madodoso yetu ya mtandaoni. Alisema nikiondoka bila kuandika nitakuwa nimeondoka na funguo za ofisi. Basi ninyi mliobaki, haya hapa. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu havikunifundisha kitu. Nitaanza mwanzo, halafu nitarudi Mkwajuni, maana kule kuna jambo ambalo hata leo halijakwisha.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Kaole, kijijini kwetu, na nyumba ya kwanza niliyopangiwa ilikuwa ya shangazi yangu. Msimamizi wangu aliitwa Mzee Mwinshehe, mtu mfupi, mnyamavu, mwenye penseli sikioni kama fundi seremala. Alinikabidhi ubao wenye kibano, penseli mbili, kifutio, na mfuko wa nailoni wa kufunika fomu mvua ikinyesha. Kalamu ya wino alinikataza. Alisema jasho la pwani na wino hawajawahi kupatana.

Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikasalimia, nikafungua fomu. Mzee Mwinshehe akanigusa kiwiko.

"Hujauliza watoto."

"Shikamoo shangazi, hawajambo watoto?" nikasema, huku nimeshika penseli.

"Marahaba. Hawajambo."

"Na kazi," akaninong'oneza.

"Na habari za kazi, shangazi?"

"Salama, mwanangu, salama. Ila huyu mdogo ana homa tangu juzi, na shamba lile la mihogo nguruwe wamelimaliza."

"Hapo sasa," akasema Mzee Mwinshehe, "geuza ukurasa uandike."

Njiani nilimlalamikia. Tulikuwa na nyumba kumi na mbili za siku ile, na salamu peke yake zilikula muda kuliko maswali. Akaniambia hivi, na aliongea mara chache kiasi kwamba nayakumbuka: "Zuhura, mtu wa huku ukimuuliza hali, kwanza anakupa njema. Hiyo ni adabu, bado si jibu. Jibu linakuja baada ya ila. Ukiandika kabla ya ila, umeandika adabu."

Nililichukulia kama neno la mzee mvivu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu na nilijua kila kitu.

Aliyenishusha alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa pale Bagamoyo mjini, Bwana Nassor, mzee wa Kiarabu ambaye ukoo wake ulikuwa na duka lile tangu enzi za babu yake. Swali langu lilikuwa jepesi: biashara yake mwaka ule, ukilinganisha na uliopita, imepanda, imeshuka, au ipo pale pale?

"Alhamdulillahi," akajibu.

"Alhamdulillahi ya kupanda au ya kushuka, Bwana Nassor?"

"Alhamdulillahi ni moja, binti yangu. Kunywa kahawa."

Nikanywa. Nikarudi siku ya pili, nikanywa tena. Siku hiyo nilikuwa nimeshagundua siri, au nilidhani hivyo: zamani, biashara ikiwa nzuri, wageni wake niliowaona waliletewa kahawa na halua, mimi nililetewa kahawa tupu. Nikamwomba Mzee Mwinshehe niweke alama kwenye "imeshuka", kwa ushahidi wa halua.

"Halua si jibu," akasema. "Andika amekataa kujibu."

"Hakukataa!"

"Basi rudi."

Siku ya tatu nikakaa bila kufungua fomu. Nikauliza mgongo wake, nikauliza binti yake aliyeolewa Tanga, nikauliza hata paka. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni ndipo aliponiambia, kama mtu anayejisemea: "Ila kanga hazitoki kabisa mwaka huu." Niliandikia barazani kwa jirani yake, kwa furaha. Paka alikuwa hajambo.

Miaka ya karatasi ilikuwa mirefu. Nilijifunza kusoma fomu iliyolowa, iliyotafunwa na mbuzi, na moja iliyopikiwa uji juu yake. Kisha vikaja vishikwambi. Wengi wa rika langu waliviogopa. Mimi nilivipenda siku ile ile, kwa sababu haviwezi kutafunwa na mbuzi. Kasoro yake ilikuwa jua: kufika saa sita mchana kioo kinageuka kioo kweli, unajiona uso wako tu, na ilibidi tuhojiane na watu huku tumejifunika mtandio kichwani pamoja, mdadisi na mhojiwa, kama watu wanaojifukiza.

Halafu, katika miaka yangu ya mwisho, tukaacha kwenda kabisa. Ofisi ilianza kutuma madodoso kwenye simu za watu. Mtu anapata ujumbe wenye kiungo, anabonyeza, anajibu akiwa nyumbani kwake, na majibu yanafika mezani kwetu kabla chai haijapoa. Mimi nilihamishwa kutoka njiani nikawekwa mezani. Kazi yangu ikawa kusoma majibu na kupiga simu kwa wale ambao majibu yao yana kitu, kama walikubali kupigiwa. Neema aliajiriwa wakati huo, kutoka Dar es Salaam, na viatu visivyofaa mchanga.

Nilidhani ningechoka. Kumbe mezani kulikuwa na ushahidi mwingi kuliko barabarani. Simu haimwoni mtu, lakini inajua ametumia sekunde ngapi. Bwana mmoja wa Mapinga, aliyenunua kiwanja huko akajenga na kila asubuhi anaenda mjini kazini, alijibu kurasa sita za kilimo na mifugo kwa muda ambao mtu anafunga kamba za viatu. Alisema ana ng'ombe watatu. Nikampigia.

"Ng'ombe wako wanakamuliwa na nani, mwanangu?"

"Ng'ombe gani, mama?"

"Hawa watatu ulioandika."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, mlinizibia njia! Kila nikitaka kutoka mnaniambia hujajibu swali la ng'ombe. Nikaandika sifuri, ikakataa. Nikakupa watatu ili unipishe."

Neema alikwenda kukagua. Kweli, swali lilikuwa la lazima, na sifuri ilikuwa haikubaliki. Wale ng'ombe watatu niliwafuta kwa mkono wangu mwenyewe, na tangu siku hiyo kila swali la lazima Neema alilotaka kuweka nilimuuliza, "Hili litazaa ng'ombe?"

Yapo mengine ya namna hiyo. Jedwali kubwa lenye mistari kumi na visanduku vitano kila mstari, kwenye kompyuta linapendeza kama kitambaa cha meza. Kwenye simu ndogo ni mateso. Mama mmoja wa Kaole alibonyeza safu ya katikati kutoka juu hadi chini bila kukosea hata mara moja. Nilipomuuliza, alisema, "Nilifuata mstari, Zuhura, kama nasuka ukili wa mkeka. Kwani nilikosea?" Hakukosea. Tuliokosea ni sisi tuliompa ukili badala ya maswali. Tukavunja jedwali, swali moja kwa ukurasa, herufi kubwa.

Na saa. Neema aliweka kisanduku cha kuchagua saa ya kuamka, kwa utaratibu wa simu. Watu wakachagua kumi na moja, saa ya alfajiri kwa kila mtu mwenye akili timamu, simu ikaandika saa tano asubuhi. Ripoti ya kwanza ilionyesha kwamba Kaole nzima inalala mpaka jua la utosini. Nilimwambia Neema nikiipeleka ripoti ile nyumbani, mimi sitazikwa kwetu. Tukaweka maneno: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni.

Kwa hiyo tulipopewa kazi ya maji tulijiona mafundi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wafadhili walikuwa na fedha za kuchimba visima virefu katika vitongoji vichache vya ukanda wa pwani. Ofisi yetu ilitakiwa kuuliza watu hali ya maji yao na kupanga orodha: wenye shida kubwa juu, wenye nafuu chini. Walio juu wangechimbiwa. Walio chini wangesubiri awamu nyingine, na sote mnajua awamu nyingine ni nini.

Dodoso lilikuwa safi. Fupi, herufi kubwa, halina jedwali, halizai ng'ombe. Swali la kwanza: Hali ya maji mnayotumia nyumbani ikoje? Aliyejibu mbaya aliulizwa zaidi: yana chumvi, yana tope, yako mbali? Aliyejibu nzuri alirushwa mpaka sehemu inayofuata, asichoshwe bure. Huko kurusha kulikuwa wazo langu, na nililiona la huruma.

Mkwajuni ikatoka ya mwisho kwenye orodha. Sikushtuka. Niliwaza kuna watu wana bahati.

Baada ya hapo ikaja zamu ya uhakiki, yaani kwenda kwa watu wachache kuona kama simu zilizojibu ni za watu wa kweli. Siku hizo nilikuwa natafuta kila kisingizio cha kutoka mezani, nikaichukua njia ya Saadani mwenyewe. Mkwajuni nilifikia kwa Bi Tatu, mjane aliyepita miaka sabini, anayeuza chai na maandazi kwa vibarua wa mashamba ya chumvi. Nilikuwa na kiu.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Karibu, kaa hapa, hapo kuna chungu." Alimaanisha wadudu, niliinuka haraka.

Tukasalimiana sana. Kisha nikasema, "Bibi, naomba maji ya kunywa."

Akamwita mjukuu wake mkubwa, akamwagiza akapande mnazi. Nikaletewa dafu. Nikalinywa, tamu kweli, lakini nilikuwa nimeomba maji.

"Na maji je, Bibi?"

"Yapo. Kisima kile pale."

"Basi nipe kidogo."

"Siyo ya kumpa mgeni," akasema, na akageuza andazi kwenye mafuta kana kwamba mazungumzo yamekwisha.

Nikainuka nikaenda mwenyewe kisimani. Nikateka, nikaonja. Niliwahi kumeza maji ya bahari nikijifunza kuogelea, na sikuona tofauti kubwa. Nyuma yangu Bi Tatu alikuwa anacheka.

"Umesikia? Chai yangu nikipika kwa hayo, vibarua wananiuliza nimetia mchuzi? Maji ya chai naletewa na pikipiki kwa madumu. Pikipiki isipokuja, na mimi sifungui. Wiki iliyopita nimefungua siku mbili tu."

"Bi Tatu," nikasema, "yale maswali ya kwenye simu uliyapata?"

"Niliyapata. Nikajibu yote. Mepesi."

"Kuhusu maji ulisemaje?"

"Nilisema nzuri."

"Bibi! Kwa nini?"

"Wee Zuhura, wewe si wa pwani?" Aliweka kijiko chini. "Mtu simjui. Hodi hakupiga, salamu hakutoa, ameingia tu mkononi mwangu anauliza hali ikoje. Nitamwambia mbaya? Ndiyo neno la kuanzia na mgeni hilo? Nikasema nzuri, nikangoja aulize mengine nimweleze. Hakuuliza! Kanitoa kwenye maji kanipeleka chooni. Hata mate sijameza, ananiuliza choo changu kina mlango?"

Majirani wawili waliokuwa wanasubiri maandazi walicheka, na mmoja, baba mwenye ndevu nyeupe, akasema, "Na mimi vivyo hivyo. Nilidhani atarudi kwenye maji. Mpaka mwisho kanishukuru kwa muda wangu, kaondoka."

Nilikaa chini, kwenye chungu wale wale. Mzee Mwinshehe alikuwa marehemu miaka mingi, lakini nilimsikia kiwikoni. Miaka yote tuliyokwenda kwa miguu hatukuwahi kukutana na kosa hili, kwa sababu tulisalimia kwanza, na salamu zilimaliza zile "njema" zote kabla ya swali la kwanza. Tulipopeleka maswali kwenye simu tulibeba fomu tukaacha salamu, maana salamu hazikuwahi kuandikwa kwenye fomu. Kisha mimi, kwa huruma yangu, nikaweka mrusho ambao ulikata njia pale pale ambapo "ila" ilikuwa inakuja.

Orodha ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi uliofuata. Bi Tatu aliniuliza tu, "Hivyo visima, sisi tuko wa ngapi?" Nikamwambia ukweli. Alinifungia maandazi sita kwenye gazeti na akanikataza kabisa kulipa, jambo lililonitesa njia nzima.

Neema nilimkuta bado yupo ofisini.

"Tuweke salamu," nikasema. "Kurasa tatu. Habari za hapo, za watoto, za kazi. Ya tatu iwe na kisanduku cha kuandika lolote. Ndipo maji."

"Mama Zuhura." Neema ananiita hivyo akitaka kunikatalia. "Kila ukurasa unaozidi tunapoteza watu. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Na mtu wa Mapinga ukimuuliza watoto kwenye simu atasema huyu tapeli."

"Wa Mapinga na wa Mkwajuni si mmoja."

"Sawa, lakini ukiongeza salamu na ukaondoa mrusho na ukabadilisha swali, vyote kwa mpigo, majibu yakibadilika utajuaje kilichofanya kazi ni kipi?"

Alikuwa sahihi, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tukakubaliana kujaribu kwanza Kaole, ambako visima vya chumvi navifahamu kwa majina ya wenyewe. Tuliondoa mrusho kwa wote. Nusu ya simu zikapata dodoso lililoanza na swali la maji kama zamani, nusu likaanza na salamu. Swali lenyewe halikuguswa hata herufi.

Majibu yalipokuja, Neema aliyapanga safu mbili kwenye kioo, akakigeuza upande wangu. Safu ya zamani: nzuri, nzuri, nzuri sana. Safu ya salamu: mbaya, mbaya sana, wastani, mbaya. Nyumba zenyewe ziko mtaa mmoja.

"Mama," akasema, "hii ni noma."

Na kisanduku! Salamu ya tatu ilikuwa imejaa maandishi ambayo hatukuyaomba. "Salama, ila sabuni haitoi povu." "Kazi njema ila macho yanawasha ukinawia maji ya hapa." "Salama ila mke wangu amegoma kupika wali." Lakini na Neema hakuwa amekosea. Wapo waliojibu salamu zote tatu, wakafunga. Mmoja aliandika, "Ahsanteni kwa kunijulia hali, nanyi msalimieni huko," na hakuendelea. Kwake yeye mazungumzo yalikuwa yamekamilika. Tulipoteza watu wachache wa namna hiyo, na ndiyo gharama yake. Msije mkaambiwa salamu ni bure.

Meneja wetu alitukubalia kurudia Mkwajuni mara moja tu, kwa sababu kumuuliza mtu jambo lile lile mara mbili ni sawa na kumwambia hukumwamini. Kwenye ukurasa wa mbele niliandika mwenyewe sababu ya kurudia, kwamba kosa lilikuwa letu, na nikaibakiza ahadi yetu ya siku zote: majibu yako hayatahusishwa na jina lako wala namba yako bila idhini yako. Dodoso likaondoka asubuhi. Kufika adhuhuri majibu yalikuwa yanaingia, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilishangilia kusoma kwamba maji ya watu ni mabaya sana.

Mkwajuni ilipanda mpaka juu ya orodha, siku mbili kabla haijafungwa. Nilimpigia Bi Tatu. Alisema "Alhamdulillahi," nikasubiri. Kisha akasema, "Ila wakichimba pale pale penye chumvi?"

Na hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu ndilo swali alilotuuliza mhandisi wa visima. Mwambao ule, alisema, maji matamu yanaweza kuwepo kama kidimbwi chembamba chini ya mchanga mahali pamoja, na hatua mia pembeni ikawa chumvi tupu. Fedha zilikuwa za kisima kimoja kwa kila kitongoji. Akauliza kama katika majibu yetu kuna yeyote mwenye maji tofauti.

Yupo. Mmoja. Katika majibu yote ya Mkwajuni, simu moja ilijibu salamu zote tatu kwa utulivu, ikafika kwenye swali la maji, ikachagua nzuri sana.

"Hakutupa idhini, lakini naweza kuiona namba kwa dakika mbili," Neema akasema, mikono iko juu ya kibodi. Hakubonyeza. Alikuwa ananitazama.

Sitawadanganya kwamba sikufikiri. Nilifikiri chai ya Bi Tatu na mlango wake uliofungwa. Lakini watu wa Mkwajuni walitupa ukweli wao baada ya sisi kuwaahidi, na tukivunja ahadi mara moja, mwaka kesho hata tukiwasalimia mpaka magharibi hatutapata ila yoyote. Nikamwambia aondoe mikono. Akaondoa, akapumua.

Tulichofanya ni kwenda mkutano wa kitongoji na kusoma matokeo hadharani, kama tunavyotakiwa. Nilipofika kwenye lile jibu moja nilisema kwamba mwenye nyumba hiyo, kama anapenda, ajitokeze mwenyewe, kwa sababu ndiyo itakayomwonyesha mhandisi pa kuanzia. Watu wakageuka kutazamana.

"Nani huyo anayekunywa peke yake?" akauliza baba mwenye ndevu nyeupe.

"Anaogopa foleni uani kwake," akasema mwingine.

"Au ana adabu kupita kiasi," akasema Bi Tatu, na mkutano ukavunjika kwa kicheko. Hakuna aliyesimama.

Mimi nikastaafu wiki iliyofuata. Nilipata kanga na saa ya ukutani, vyote viwili, na Neema alinipa penseli iliyochongwa. Sasa nipo Kaole, naamka alfajiri, na simu yangu inalia kuliko nilipokuwa kazini, kwa sababu Bi Tatu ameamua kufanya uhakiki wake. Anakwenda nyumba kwa nyumba na kikombe cha bati, anapiga hodi, anasalimia kwa urefu, anaomba maji ya kunywa. Ananipa ripoti kila jioni: chumvi, chumvi, chumvi na kutu. Jana alisema zimebaki nyumba tatu, na kila akienda huambiwa mwenyewe hayupo. Mhandisi anakuja Jumatatu kuweka kigingi cha mahali pa kuchimba.

Nilimwomba Neema anisomee tena lile jibu, maneno tu, bila namba. Kwenye kisanduku cha salamu ya tatu, mahali ambapo kitongoji kizima kilimwaga shida zake, mtu huyo aliandika, "Salama kabisa, maji yetu matamu." Hakuweka ila, na bado sijui kama ameandika jibu au adabu.